Dakika za Hospitalini Katika Invasion of the Body Snatchers

Katikati ya mwaka 1955 kampuni ya Allied Artists ya Hollywood ilikuwa na filamu mkononi iliyokwisha kupigwa, kuhaririwa na kuonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, na wakubwa wake hawakuridhika nayo. Mwisho wake ulikuwa na kiza mno. Wakataka iongezewe tukio moja mwanzoni na jingine mwishoni, yote mawili hospitalini, ili mtazamaji atoke ukumbini na tumaini. Matukio hayo yakapigwa Septemba mwaka huohuo, na Februari 1956 filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema ikiwa na umbo ambalo mwongozaji wake hakulitaka.

Filamu hiyo ni Invasion of the Body Snatchers, iliyoongozwa na Don Siegel, ikatayarishwa na Walter Wanger na kuandikwa na Daniel Mainwaring kutoka riwaya ya Jack Finney. Kisa cha kubadilishwa kwake husimuliwa kwa sentensi moja tu, kwamba wenye fedha waliingilia kazi ya wasanii wakaiharibu. Nakubali nusu. Waliingilia, na walikosea. Ila kuiharibu hawakuweza, na kilichowazuia kimo ndani ya filamu yenyewe, katika aina ya hofu iliyoanza kuijenga tangu mapema.

Riwaya ilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la Collier's mwaka 1954, kisha kama kitabu mwaka 1955. Finney aliiweka Mill Valley, mji wa kweli ulio jirani na San Francisco. Watengenezaji wa filamu walikwenda kuuona, wakakuta kupigia picha kule kungewagharimu mno. Mji ukawa wa kubuni, Santa Mira, na mitaa yake ikapigwa Sierra Madre na sehemu nyingine za karibu na Los Angeles. Kazi ilichukua siku 23, kati ya Machi na Aprili 1955, kwa dola 382,190. Hizo zilikuwa fedha kidogo hata kwa wakati ule. Humu hamna chombo cha angani wala jitu la kutoka sayari nyingine. Kuna maganda makubwa ya mbegu yanayotoa nakala za watu na kuchukua nafasi zao, kuna mapovu, na nyuso za majirani.

Daktari Miles Bennell, anayeigizwa na Kevin McCarthy, anarudi nyumbani kutoka mkutano wa madaktari. Nesi wake, Sally, amemwita kwa haraka kwa sababu wagonjwa wamejaa na wote wanataka kumwona yeye tu, bila kusema wanaumwa nini. Akifika, wengi wao wanafuta miadi. Wamepona, wanasema. Njiani nusura amgonge mtoto, Jimmy Grimaldi, anayekimbia barabarani kama anayefukuzwa. Kibanda cha mboga cha wazazi wake, kilichokuwa kikipendeza kuliko vyote kando ya barabara hiyo, sasa kimefungwa na kimezungukwa na taka. Baadaye mtoto analetwa zahanati akilia kwamba mama aliye nyumbani si mama yake.

Kisha anakuja Wilma, na kwangu hapa ndipo filamu inapoweka mzizi. Wilma ni binamu yake Becky Driscoll, mpenzi wa zamani wa Miles ambaye amerudi mjini. Wilma amelelewa na Mjomba Ira tangu utotoni. Jioni moja Wilma amekaa kwenye bembea uani, mjomba yuko bustanini anakata majani, jua bado lipo, na Wilma anamwambia daktari kwa sauti ya chini kwamba yule si Mjomba Ira. Miles anakwenda kuzungumza na mzee. Ni yuleyule. Sauti ndiyo yake, sura ndiyo yake, kumbukumbu zote anazo. Anarudi kwa Wilma na kumwambia hivyo, na Wilma anakubali kila neno. Kisha anasema kuna kitu kimepungua. Kila mjomba alipokuwa akizungumza naye palikuwa na mng'ao fulani machoni mwake, na mng'ao huo umeondoka. Maneno yapo, ishara za mikono zipo, lakini hisia haipo.

Tazama jinsi tukio hili lilivyopigwa. Mchana kweupe, nyasi, mzee anayevuta kiko, mpwa wake mwenye wasiwasi. Mtazamaji anatafuta kosa usoni mwa mzee na halioni. Virginia Christine, anayeigiza Wilma, hapigi kelele hata mara moja. Anaona aibu kwa anachokisema. Anajua kinasikika kama wazimu, na anamuuliza daktari kama amerukwa na akili. Miles anamjibu kwa upole wa kidaktari, anampa jina la mtaalamu, na sisi tuliokaa mbele ya kioo tunakubaliana naye. Hivyo filamu imekwisha kututega. Wa kwanza kumpuuza mtu anayesema kweli ni sisi pamoja na daktari wetu mwema.

Anachokieleza Wilma kinajulikana katika tiba ya akili. Mwaka 1923 daktari Mfaransa Joseph Capgras na mwenzake Jean Reboul-Lachaux waliandika habari za mwanamke aliyeamini kwamba mumewe na wanawe wamechukuliwa, na mahali pao wamewekwa watu wengine waliofanana nao kabisa. Hali hiyo hadi leo inabeba jina la Capgras. Kwa hiyo Daktari Dan Kauffman, mtaalamu wa akili wa Santa Mira, anaposema mji umeingiwa na hofu ya pamoja, na kwamba huenda chanzo ni wasiwasi wa watu juu ya yanayoendelea duniani, hasemi upuuzi. Ni maelezo ambayo daktari mwangalifu angeyatoa. Filamu inampa mjinga wa kisa hoja bora kuliko zote, na baadaye tunakuja kutambua kwamba pengine hakuwa mjinga hata kidogo. Hatuambiwi ni lini hasa Kauffman alibadilishwa. Nimeitazama filamu hii mara nyingi nikiutafuta wakati huo, na kila mara nabaki na mashaka kama yale ya Wilma.

Msomaji aliyekulia Tanzania atakumbuka habari za msukule, mtu aliyechukuliwa kichawi huku nduguze wakizika mgomba wakidhani wanamzika yeye. Mambo yanakaribiana, lakini tofauti yake ndiyo inayofaa hapa. Katika habari za msukule panakuwa na msiba, watu wanalia, kaburi lipo. Santa Mira hakuna anayezikwa. Mjomba anaendelea kukata majani. Aliyefiwa hana matanga ya kuweka, kwa sababu marehemu amekaa mezani anaomba chumvi.

Baada ya Wilma, mambo yanakwenda mbio. Rafiki wa Miles, Jack Belicec, anamwita usiku aje aone mwili uliolazwa kwenye meza ya biliadi. Mwili hauna alama za vidole na uso wake haujakamilika, ila urefu na uzito ni wa Jack. Jack anajikata kiganja kwa chupa, na baadaye kiganja cha mwili ule nacho kinatoka damu. Nakala ya Becky inaonekana katika chumba cha chini cha nyumba ya baba yake. Polisi wanakuja, miili haipo tena, Kauffman anatoa maelezo mazuri. Kisha usiku wa kuchoma nyama nyumbani kwa Miles, ndani ya kitalu nyumba, maganda yanapasuka na kutema miili ya wote wanne, Miles, Becky, Jack na mkewe, ikiwa katika mapovu. Miles anashika uma wa shambani. Anasimama juu ya nakala ya Becky na mkono unakataa. Anahamia kwenye nakala yake mwenyewe na kuichoma.

Usiku huohuo anajaribu kupiga simu nje ya mji. Opereta anamjibu kwamba laini zimejaa, au kwamba hakuna anayepokea. Sauti ya opereta ni ya adabu, haina chuki. Tangu hapo kila kitu ambacho raia hukimbilia akipata shida kimegeuka. Mkuu wa polisi ni rafiki wa familia, na ndiye anayewasaka. Nyumbani kwa Sally, Miles anachungulia dirishani na kuona baba yake Becky akileta ganda la kuwekwa kwenye kizimba cha mtoto mchanga, na Sally mwenyewe anasema kwamba baada ya hapo hapatakuwa na machozi tena. Jumamosi asubuhi, kutoka dirisha la zahanati, tunauona uwanja mdogo wa mji. Watu wanatembea kawaida, basi linaleta wageni wachache, wageni wanaondolewa, kisha malori ya wakulima yanaingia na kugawa maganda kwa ajili ya miji ya jirani. Ugawaji unafanyika kwa utaratibu mzuri kuliko sokoni. Hilo peke yake, bila muziki wala giza, linatisha kuliko mapovu yote ya kitalu nyumba.

Nyeusi na nyeupe inachangia hapa kwa namna ambayo rangi isingeweza. Mpiga picha Ellsworth Fredericks anaanza na nuru ya kawaida, karibu bila kivuli, na kadiri Miles anavyopoteza watu wa kuwaamini, vivuli vinapanda ukutani na kuwabana yeye na Becky. Siegel alisisitiza matukio ya usiku yapigwe usiku wenyewe, jambo lililoongeza siku za kazi, na faida yake inaonekana kwa macho: giza la barabarani ni giza kweli. Lakini faida kubwa zaidi iko kwenye nyuso. Bila rangi, mtazamaji hawezi kusema huyu amepauka, yule damu inamtembea. Aliyebadilika na ambaye hajabadilika wana kijivu kilekile. Tunabaki na macho na sauti, kama Wilma.

Kauffman na Jack wanapoingia zahanati wakiwa wamekwisha badilika, hawatishi mtu. Wanabembeleza. Kauffman anaeleza kwamba mapenzi, tamaa, matarajio na imani ndivyo vinavyoyafanya maisha yawe magumu, na bila hivyo kila kitu ni rahisi. Anazungumza kama daktari anayemshawishi mgonjwa akubali sindano. Na Miles mwenyewe alikwisha kumwambia Becky kwamba katika kazi yake ameona watu wakiuacha utu wao udondoke kidogokidogo bila kujali. Maneno hayo ndiyo uzito wa filamu. Maganda hayakuleta ugonjwa mgeni. Yalikamilisha haraka kitu ambacho mji ulikuwa umekianza polepole.

Kubadilika hutokea usingizini, ndiyo maana Siegel alipendekeza filamu iitwe Sleep No More, maneno ambayo Macbeth anadai kuyasikia baada ya kumuua mfalme aliyelala. Jina lingefaa sana. Adui anayekusubiri usinzie hana haja ya kukukimbiza. Miles na Becky wanameza vidonge vya kukaa macho, wanatoroka kwa kutembea mtaani na nyuso kavu kama waliobadilika, Becky anapiga ukelele mbwa anapotaka kugongwa na lori, na ukelele huo wa huruma unawafichua. Wanapanda ngazi ndefu, wanaingia kwenye shimo la mgodi milimani. Miles anasikia muziki, anatoka kuufuata akidhani ni binadamu, anakuta ni redio ya lori kwenye shamba la maganda. Akirudi, Becky amesinzia. Anambusu. Uso wa Dana Wynter, anayeigiza Becky, macho yakifunguka karibu kabisa na kamera, ndio uso wa kutisha kuliko wote katika filamu hii, na haukuwekewa chochote cha bandia.

Wenye macho makali wamelalamika kwamba tukio hilo halina mantiki: ganda la Becky liko wapi, na mwili wake wa kwanza umekwenda wapi? Lalamiko ni la haki. Filamu ilitufundisha kanuni na hapa inaivunja. Mimi nashindwa kuisikitikia kanuni hiyo, kwa sababu tukio linatupa alichokipata Wilma bustanini, safari hii likimpata Miles mwenyewe. Aliyetoa ushauri wa kidaktari sasa ndiye anayejua, kwa midomo yake, kwamba mpenzi wake si mpenzi wake.

Katika umbo alilolikusudia Siegel, kinachofuata ndicho kilifunga kila kitu. Miles anafika kwenye barabara kuu usiku, anakimbia kati ya magari, anagonga vioo, anawapigia kelele madereva. Wanampigia honi. Anadandia lori, anakuta limejaa maganda. Kisha anaigeukia kamera, uso umejaa jasho na wazimu, anatuambia wamekwisha fika, na kwamba wewe ndiye unayefuata. Mwisho. Hapakuwa na ukuta tena kati yake na aliyelipa tiketi.

Kampuni iliujenga ukuta huo upya. Katika filamu tunayoiona leo, tunaanza hospitalini ambako Miles ameletwa kama kichaa. Daktari Hill anakuja kumsikiliza, na hadithi yote inakuwa maelezo ya mgonjwa kwa daktari. Hasara ya kwanza iko wazi. Tangu dakika ya kwanza tunajua kuna jambo la kutisha, kwa hiyo ule utulivu wa bustani ya Wilma unapungua nguvu. Tunajua pia kwamba Miles ataponyoka. Hasara ya pili ni kwamba kelele zake za barabarani haziishii kwetu tena. Zinaishia kwa Hill, na Hill atazishughulikia.

Lakini angalia namna Hill anavyokuja kuamini. Miles anamaliza maelezo yake, na madaktari wawili wanatoka nje wakikubaliana kwamba huyu ni mgonjwa. Ushahidi wa mtu aliyekuwepo, daktari mwenzao, aliyesema kila kitu kwa mpangilio, haukutosha. Ndipo analetwa dereva wa lori aliyepata ajali, na mhudumu anaeleza kwamba ilibidi wamfukue kutoka chini ya maganda makubwa ambayo hajawahi kuyaona. Lori lilikuwa linatoka wapi? Santa Mira. Hapo Hill anageuka na kuanza kutoa amri za kufunga barabara. Kwa maneno mengine, kilichoaminiwa ni lori. Neno la Miles halikuaminiwa mpaka mwisho, sawa na neno la Wilma na la mtoto Jimmy. Lori lingepita salama bila ajali ile, Miles angechomwa sindano ya usingizi, na tunajua usingizi katika filamu hii maana yake nini.

Ndiyo maana nasema nyongeza ilishindwa. Mainwaring na Siegel, kwa kukusudia au kwa silika ya ufundi, walitii agizo bila kuisaliti hoja. Waliombwa mlango wa matumaini wakajenga mlango unaofunguliwa na bahati.

Riwaya, kwa ajabu, ina matumaini kuliko filamu zote mbili, ile iliyokusudiwa na ile iliyotoka. Kwa Finney, Miles na Becky wanachoma shamba la maganda, na viumbe wanakata tamaa na kuondoka duniani kwa sababu binadamu wamekuwa wabishi mno. Becky anabaki kuwa Becky. Nauheshimu moyo wa mwisho huo, ila siuamini, kwa kuwa kitu kinachoingia mjini bila kishindo, kwa kupitia mtu unayempenda, hakionekani kuwa cha kukimbizwa kwa moto.

Kuhusu siasa sitakaa sana. Wapo wanaosoma maganda kama ukomunisti, wapo wanaoyasoma kama msako wa wakomunisti uliokuwa unapamba moto Marekani wakati huohuo. Yote mawili yanaingia. Finney alikana kwamba alikusudia ujumbe wa siasa, na Siegel alipenda kusema kwamba maganda ni watu anaokutana nao kila siku, wakiwemo wakubwa wa studio. Philip Kaufman alipoirudia hadithi hii mwaka 1978, kwa rangi na katika jiji la San Francisco, alimpa Siegel nafasi ndogo kama dereva wa teksi, na akaumaliza mwisho bila msaada wowote kufika. Hakuna aliyemtaka aongeze hospitali. Na mwaka 1994 filamu ya 1956 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Congress ya Marekani.

Tukirudi kwa Hill, amri yake ya mwisho ni kwa njia ya simu. Anamwomba opereta amuunganishe na FBI. Walioongeza tukio hilo walitaka simu hiyo itutulize, lakini imekuja baada ya filamu kutuonyesha opereta mwenye adabu akimzungusha Miles usiku kucha. Miles anaegemea ukuta, anashusha pumzi. Filamu inakwisha kabla hatujamsikia aliyepokea upande wa pili.